MLO WA JUMAPILI WA NAPOLI: MPANGILIO WA KULA NA MPANGILIO WA KUPIKA

Utungaji: Insha ya maelezo ya mchakato

Malengo

Baada ya kusoma makala haya, mtahiniwa aweze:
(a) kutaja awamu za mlo kamili wa Kiitaliano na kazi ya kila awamu;
(b) kueleza kwa nini mpangilio wa kupika haufanani na mpangilio wa kula;
(c) kuandika insha ya maelezo ya mchakato wowote kwa hatua zilizopangika na zenye sababu.

1. Utangulizi

Swali linalomtaka mtahiniwa aeleze jinsi jambo linavyofanyika huonekana jepesi. Ataombwa aeleze namna chakula fulani kinavyopikwa, sherehe inavyoandaliwa au shamba linavyotayarishwa. Wengi huanza kuandika papo hapo, kwa kuwa jambo lenyewe wanalijua. Alama hupotea si kwa kukosa la kusema, bali kwa kulisema bila mpango.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuchanganya mifuatano miwili: jinsi mambo yanavyoonekana na jinsi yanavyofanyika. Anayekula huletewa mkate kwanza na nyama baadaye. Aliyepika alianza na nyama asubuhi, na mkate aliushika dakika kumi kabla ya watu kukaa. Asiyeitenganisha mifuatano hii miwili huandika insha inayorudi nyuma kila aya.

Ili kuliona jambo hili vizuri, tutatumia mlo wa mchana wa Jumapili kama unavyopikwa na familia za Napoli, mji wa kusini mwa Italia. Mlo huu una awamu nyingi, hupikwa nyumbani kwa vyombo vya kawaida, na sufuria yake moja hutoa awamu mbili.

2. Awamu za mlo

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, wali, mchuzi, mboga na kachumbari huletwa kwa pamoja, na kila mtu hula akichanganya. Katika mlo kamili wa Kiitaliano chakula huletwa kimoja baada ya kingine, na sahani za awamu moja huondolewa kabla ya nyingine kuletwa. Mambo hayakuwa hivi siku zote. Zamani, karamu za matajiri wa Ulaya zilijaza meza vyakula vingi kwa wakati mmoja. Mtindo wa kupakua kimoja kimoja, uliohusishwa na Urusi, ulienea katika karne ya 19. Faida yake ni kwamba kila chakula hufika mezani kikiwa moto.

Awamu zenyewe ni hizi:

(i) Antipasto. Maana yake ni "kabla ya mlo". Ni chakula kidogo cha kufungua hamu, kama vipande vya mkate wa kuchoma vyenye nyanya, zeituni au jibini.

(ii) Primo, yaani "cha kwanza". Hapa huliwa pasta, wali au supu. Pasta ni jina la jumla la vyakula vya unga wa ngano kama tambi na makaroni.

(iii) Secondo, yaani "cha pili". Ni nyama, samaki au mayai.

(iv) Contorno. Ni mboga zinazoandamana na secondo, mara nyingi katika sahani yake zenyewe.

(v) Frutta na dolce. Ni matunda, kisha kitu kitamu.

(vi) Caffè. Kahawa kali katika kikombe kidogo, bila maziwa, ndiyo inayofunga mlo.

Mlo wa namna hii si wa kila siku. Siku za kazi, familia nyingi hula primo peke yake, au secondo na mboga. Awamu zote hukusanyika Jumapili na sikukuu, wakati ambapo watoto waliokwisha kuoa au kuolewa hurudi kula kwa wazazi.

Zingatia: Pasta si kiambata cha nyama kama wali ulivyo kwa mchuzi. Ni awamu kamili inayoliwa kabla ya nyama. Ndiyo maana kipimo chake ni kidogo, yapata gramu 80 za pasta kavu kwa mtu mmoja, ili nafasi ya secondo ibaki.

3. Ragù: sufuria moja, awamu mbili

Moyo wa mlo huu ni mchuzi uitwao *ragù*. Jina hili Waitaliano wamelikopa kutoka Kifaransa, *ragoût*, kama Kiswahili kilivyokopa "meza" kutoka Kireno. Nyanya iliyomo ndani yake nayo ilitoka mbali: asili yake ni bara la Amerika, na ililetwa Ulaya katika karne ya 16. Antonio Latini, msimamizi wa karamu aliyefanya kazi Napoli, alichapisha kitabu cha mapishi katika juzuu mbili, mwaka 1692 na 1694. Ndani yake mna maelezo ya mchuzi wa nyanya aliouita wa Kihispania. Wakati huo Napoli ilikuwa chini ya utawala wa Hispania.

Ragù ya Bologna, mji wa kaskazini, hutengenezwa kwa nyama ya kusaga. Ya Napoli hutumia vipande vikubwa vya nyama. Vipande hivyo hupikwa polepole katika nyanya kwa saa nyingi hadi utamu wa nyama uingie katika mchuzi. Kisha kazi hugawanywa: mchuzi huchanganywa na pasta na kuwa primo, nayo nyama huletwa baadaye kama secondo. Familia isiyo na fedha nyingi hupata karamu ya awamu mbili kwa moto mmoja, na kipande kimoja cha nyama humtosha mtu kwa kuwa ladha yake amekwisha kuila ndani ya pasta.

Watu wa Napoli wana neno la namna mchuzi huu unavyopaswa kuchemka: *pippiare*. Ni tanakali ya sauti ya kipovu kinachopasuka polepole juu ya mchuzi mzito. Kiswahili kina "tokota", lakini *pippiare* ni kutokota kwa upole sana, kipovu kimoja hapa, kingine pale.

Uzito wa mchuzi huu nyumbani umeingia hata katika fasihi. Eduardo De Filippo, mwandishi wa tamthilia kutoka Napoli, aliandika *Sabato, domenica e lunedì* mwaka 1959. Jina hilo maana yake ni "Jumamosi, Jumapili na Jumatatu", na kila siku ina tendo lake. Mama wa nyumba anaanza kupika ragù Jumamosi, mlo wa Jumapili unavunjika kwa ugomvi, na Jumatatu mume na mke wanapatana. Kinyongo cha mama huyo kilianza pale mumewe alipousifu upishi wa mkwe wao. Mwanafunzi wa fasihi ataona kwamba sufuria katika tamthilia hiyo si ya chakula tu. Anayesimama jikoni kwa siku mbili anangojea aonekane.

4. Mahitaji kwa watu 6

*Kwa ragù:* nyama ya ng'ombe kilo 1 ya shingo au mguu, vipande 6 vikubwa, vitunguu maji 2, mafuta ya zeituni au ya kupikia vijiko vikubwa 5, nyanya mbivu kilo 2 na nusu, au rojo ya nyanya lita 1 na nusu, nyanya nzito ya kopo vijiko vikubwa 3, chumvi.

*Kwa pasta:* pasta kavu gramu 500. Maji lita 5. Chumvi gramu 50. Jibini ngumu ya kukwaruza, kiasi.

*Kwa antipasto:* mkate vipande 12, nyanya 4, kitunguu saumu punje 2, mafuta ya zeituni, majani ya mrihani.

*Kwa contorno:* mboga za majani mafungu 3, kitunguu saumu punje 2, mafuta.

*Kwa kumalizia:* machungwa, ndizi, zabibu na matunda mengine ya msimu, ndimu 1, sukari kidogo, kahawa.

5. Mpangilio wa kupika

Kanuni ni moja: anza na kinachochukua muda mrefu, maliza na kinachoharibika upesi. Nyama inaweza kungoja saa nzima ndani ya mchuzi bila kupoteza kitu. Pasta iliyoiva haiwezi kungoja hata dakika tano.

*Hatua ya kwanza: kukausha nyama na kuikaanga.* Futa maji katika vipande vya nyama, kisha vikaange katika mafuta hadi vipate rangi ya kahawia pande zote. Nyama yenye maji hutokoswa badala ya kukaangika, na rangi hiyo ya kahawia ndiyo chanzo cha ladha nzito ya mchuzi.

*Hatua ya pili: vitunguu.* Ongeza vitunguu vilivyokatwa vidogo sana na upunguze moto. Vinatakiwa vilainike na kuyeyuka bila kuungua, kwani kitunguu kilichoungua hutia uchungu sufuria nzima.

*Hatua ya tatu: nyanya.* Tia nyanya nzito ya kopo, ikaange kwa dakika tatu au nne, kisha mimina rojo. Kama unatumia nyanya mbichi, zichovye kwanza katika maji ya moto, zimenye, uzisage na kuzichuja. Tia chumvi kidogo tu, kwa sababu mchuzi utapungua na chumvi itakolea.

*Hatua ya nne: kusubiri.* Punguza moto hadi mchuzi utokote kwa upole. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa na kuyafunika majivu. Laza mwiko ukingoni mwa sufuria na uegemeze kifuniko juu yake ili mvuke upate njia. Koroga kila baada ya dakika 15, ukifikisha mwiko chini. Acha kwa saa tatu au zaidi. Napoli wapo wanaozidisha hadi saa sita.

Kwa nini muda huu wote? Nyama ya shingo na ya mguu ni ngumu kwa kuwa ina tishu nyingi zenye protini iitwayo kolajeni. Joto la polepole pamoja na maji huigeuza kolajeni kuwa jelatini, ambayo ni laini. Hivyo nyama hulainika na mchuzi huwa mzito. Moto mkali haufupishi kazi hiyo. Hukausha nyama na kuunguza nyanya chini ya sufuria.

*Hatua ya tano: kutenga.* Mchuzi ukiwa mzito na mafuta yakiwa yameelea juu, toa nyama. Iweke katika sufuria ndogo pamoja na upawa mmoja au miwili ya mchuzi, uifunike. Hapa ndipo awamu mbili zinapoachana.

*Hatua ya sita: mboga, matunda na mkate.* Matunda hukatwa mapema na kuchanganywa na maji ya ndimu na sukari. Ndimu huzuia ndizi na tofaa kugeuka rangi. Mboga hukaangwa kwa kitunguu saumu karibu na wakati wa kula. Mkate huchomwa mwisho kabisa, husuguliwa kitunguu saumu, na kuwekwa nyanya zilizokatwa, mafuta na mrihani. Ukiwekwa mapema, mkate hulowa.

*Hatua ya saba: pasta.* Kipimo cha Waitaliano ni rahisi kukumbuka: kwa kila gramu 100 za pasta, maji lita 1 na chumvi gramu 10. Maji yachemke kwa nguvu kabla ya pasta kutiwa, na yakorogwe mara moja ili isishikane. Ipuliwe ikiwa bado ina ugumu kidogo katikati, hali inayoitwa *al dente*, yaani ya kuhisiwa kwa meno. Kabla ya kuichuja, chota kikombe kimoja cha maji yake. Maji hayo yana wanga uliotoka katika pasta, na wanga huo husaidia mchuzi kuishika. Changanya pasta na mchuzi juu ya moto kwa dakika moja, kisha pakua papo hapo. Watu huisubiri pasta. Pasta haiwasubiri watu.

6. Ratiba ya siku

Tuchukulie kwamba familia inakaa mezani saa 7:00 mchana.

- Saa 2:30 asubuhi: kukaanga nyama na vitunguu
- Saa 3:15: kutia nyanya na kupunguza moto
- Saa 3:30 hadi 6:30: mchuzi unatokota, unakorogwa kila dakika 15
- Saa 5:00: kukata matunda na kuyaweka mahali pa baridi
- Saa 5:30: kuosha na kukata mboga, kukwaruza jibini
- Saa 6:15: kuteleka maji ya pasta
- Saa 6:30: kutenga nyama na mchuzi
- Saa 6:40: kukaanga mboga
- Saa 6:50: kuchoma mkate
- Saa 7:00: antipasto mezani, pasta inatiwa katika maji
- Saa 7:15: primo
- Saa 7:45: secondo na contorno
- Saa 8:15: matunda na kitu kitamu
- Saa 8:40: kahawa

Angalia saa tatu za katikati. Mchuzi uko motoni, na kazi zote ndogo zimepangwa ndani ya muda huo. Kwa mpango huu mpishi anakaa mezani na wenzake kuanzia saa 7:15 badala ya kula peke yake baadaye jikoni. Mlo uliokusudiwa kuwakutanisha watu wa nyumbani haujatimia ikiwa mmoja wao hakukaa.

7. Kubadilisha bila kuharibu

Mapishi mengi ya Napoli hutia nyama ya nguruwe na glasi ya divai. Nyama ya ng'ombe peke yake inatosha, na badala ya divai waweza kutia supu ya mifupa. Mboga za Napoli zisipopatikana, mchicha, spinachi au sukuma wiki hufanya kazi ileile. Vitu vinavyoweza kubadilishwa ni viambato. Kisichobadilishwa ni mfuatano na muda.

Pasta yenyewe si ngeni kwetu. Wasomali huiita *baasto*, neno walilolipata kutoka Kiitaliano wakati Italia ilipotawala sehemu kubwa ya Somalia, na wengi wao huila pamoja na ndizi mbivu. Katika pwani ya Kenya, mji wa Malindi una wakazi na wageni wengi kutoka Italia, na mikahawa yao hupika pasta kila siku.

8. Kutoka jikoni hadi kwenye karatasi

Linganisha majibu haya mawili.

*Jibu dhaifu:* "Kwanza wanakula mkate halafu wanapika pasta wanaila. Baadaye nyama inapikwa na vitunguu, na mboga pia zinakuwepo. Pia nyanya zinatiwa kwenye nyama kabla. Chakula kinakuwa kitamu sana."

*Jibu bora:* "Mpishi huanza na nyama kwa sababu ndiyo inayohitaji muda mrefu zaidi. Baada ya kuikaanga pamoja na vitunguu, huongeza nyanya na kuiacha itokote kwa saa tatu au zaidi. Wakati mchuzi uko motoni, huandaa matunda na mboga. Hatimaye, watu wanapokaribia kukaa, huchoma mkate na kuchemsha pasta, kwa kuwa vyakula hivi huharibika vikicheleweshwa."

Jibu la pili halina habari nyingi kuliko la kwanza. Tofauti ni mambo matatu: linafuata mfuatano mmoja tu, linatumia viunganishi vya wakati (*baada ya, wakati, hatimaye*), na linatoa sababu za hatua kuu. Kabla ya kuandika, tumia dakika tatu kuorodhesha hatua pembeni na kuzipa namba.

9. Maswali ya marudio

1. Taja awamu sita za mlo kamili wa Kiitaliano kwa mfuatano wake. (alama 6)
2. Eleza kwa nini ragù ya Napoli inaitwa "sufuria moja, awamu mbili". (alama 2)
3. Toa sababu mbili za kupika nyama kwa moto mdogo. (alama 2)
4. "Mpangilio wa kula haufanani na mpangilio wa kupika." Thibitisha kwa mifano miwili kutoka katika makala. (alama 4)
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) kuteleka (b) ipuliwe (c) upawa. (alama 3)
6. Fupisha sehemu ya 5 kwa maneno yasiyozidi 80. (alama 8)
7. Andika insha ya maelezo yenye maneno 300 hadi 350 kuhusu namna mlo wa sikukuu unavyoandaliwa nyumbani kwenu. (alama 15)

Majibu elekezi

1. Antipasto, primo, secondo, contorno, frutta na dolce, caffè. Alama moja kwa kila awamu iliyo mahali pake.
2. Mchuzi wake huchanganywa na pasta na kuwa primo (alama 1). Nyama iliyopikwa humo huletwa baadaye kama secondo (alama 1).
3. Kolajeni hupata muda wa kugeuka jelatini, nyama ikalainika na mchuzi ukawa mzito. Mchuzi hauungui wala nyama haikauki.
4. Nyama huliwa baada ya mkate na pasta, lakini hupikwa kabla yake. Matunda huliwa karibu na mwisho, lakini hukatwa kabla ya mboga kukaangwa. Mfano mwingine sahihi ukubaliwe.
5. (a) kuweka chombo motoni. (B) iondolewe motoni. (C) chombo chenye mpini cha kuchotea mchuzi.
6. Hoja za lazima: kanuni ya muda, kukaanga nyama, vitunguu na nyanya, kutokota kwa saa tatu au zaidi, kutenga nyama na mchuzi, matunda, mboga na mkate, kipimo cha maji na chumvi, kuchanganya pasta na kupakua papo hapo. Alama moja kwa kila hoja. Anayezidisha maneno apunguziwe.
7. Mtahini ataangalia utangulizi unaotaja mlo na tukio, hatua zilizofuatana, sababu za hatua kuu, viunganishi vya wakati, na hitimisho. Usiige mlo wa Napoli. Eleza wa kwenu, kwa majina ya vyombo na viungo vinavyotumika kwenu.